Moduli ya Baba Mkubwa

Kidole alipata jina hilo kwa kazi ya kidole kimoja. Wakati huo alikuwa mtoto wa shule ya msingi, na kila akitoka darasani alipitiliza hadi maktaba, chumba cha nyuma, walikofanya kazi mama yake mkubwa na baba yake mkubwa. Mama yake mzazi alikuwa muuguzi, na zamu za wauguzi hazimjui mtoto wa mtu. Basi akakulia katikati ya makasha ya karatasi. Baba mkubwa, ambaye alikuwa fundi wa mitambo yote ya maktaba kuanzia feni mpaka kompyuta, alikuwa na mazoea yake: akishamaliza kuandika amri ndefu kwenye skrini nyeusi, humwita mtoto aje abonyeze kile kitufe kikubwa cha mwisho. Alidai kwamba mikono yake mwenyewe ina nuksi, kidole cha mtoto ndicho chenye baraka. Amri ikikubali, sifa zote zilikwenda kwa kidole. Ikikataa, alijisema mwenyewe kwamba sasa anazeeka vibaya, akajikuna kisogo, akaanza upya.

Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha moja lililotazamana na ukuta wa jirani, meza ndefu yenye mguu mmoja uliopachikwa kipande cha boksi isiyumbe, na rafu za vitabu vinene vyeupe visivyo na tone la wino. Vilikuwa vitabu vya nukta nundu, vile ambavyo wasioona husoma kwa ncha za vidole. Mama mkubwa alikuwa haoni tangu utotoni. Surua ilipita na macho yake. Kazi yake ilikuwa kuchukua kitabu cha kawaida kilichokwisha kuingizwa kwenye kompyuta, kukigeuza kiwe cha nukta nundu, kukichapa, kisha kukihakiki kwa vidole ukurasa baada ya ukurasa kabla hakijapelekwa shuleni. Printa yake ilikuwa kubwa kama jiko la gesi. Ndani yake mlikuwa na vijipini vya chuma vilivyogonga karatasi ngumu mpaka ikatoa vinundu, na kelele zake hazikuwa na adabu ya maktaba hata kidogo. Baba mkubwa aliitengenezea sanduku la mbao lenye blanketi kuukuu kwa ndani, lakini bado wasomaji wa ukumbi wa mbele waliulizana kama huko nyuma kumefunguliwa mashine ya kukoboa.

Kiwanda kilichoitengeneza printa ile kilikuwa kimekwisha kufa, na kilikufa bila kuacha njia ya kuifanya ielewane na mfumo uliotumika pale maktaba. Baba mkubwa ndiye aliyeitengeneza njia hiyo. Alimweleza Kidole jambo lile kwa namna ambayo mtoto hakuisahau. Alisema ndani ya kila kompyuta kuna kiini, na kiini ndicho kinachosemezana na vyuma: kibodi, skrini, printa. Lakini kiini hakiwezi kujua lugha ya kila chuma duniani. Kwa hiyo husaidiwa na vipande vidogo viitwavyo moduli, kila moduli ikijua lugha ya kifaa chake. Kiini kikikutana na kifaa kisichokijua, huenda kutafuta moduli yake katika folda moja tu, mahali pale pale siku zote.

"Kiini ni mwenye nyumba mvivu," baba mkubwa alimwambia. "Kijiko ukikiweka nje ya kabati lake, atakula kwa mkono na kuapa kwamba nyumba haina kijiko."

Mama mkubwa, akiwa upande wa pili wa meza na vidole vyake juu ya karatasi, akadakia kwamba anawajua wenye nyumba wa namna hiyo, na mmoja wao amevaa soksi mbili zisizofanana leo. Baba mkubwa akatazama miguu yake. Kweli. Mpaka anakufa hakujua mkewe alijuaje.

Basi baba mkubwa aliandika moduli ya printa, akaijenga, akaiweka kwenye kabati la kiini, yote katika kompyuta moja iliyokuwa pale mezani, kwa sababu hakuwa na nyingine. Kila kiini kilipobadilishwa aliijenga tena, na Kidole akabonyeza. Amri ya kuiweka moduli mahali pake ilikuwa fupi, maneno machache tu, na mtoto akaishika kichwani jinsi watoto wanavyoshika nyimbo, bila kuuliza maana.

Baba mkubwa alifariki Kidole akiwa chuoni. Kidole alikuwa amekwenda kusomea kompyuta, na watu walipomuuliza nani alimpa wazo hilo, alijibu kwa sauti ndogo kwamba ni mtu wa nyumbani, akaangalia chini. Alikuwa msichana wa kuongea na viatu vyake. Alipohitimu akapata kazi katika ofisi ndogo, ghorofa ya juu ya duka la vitambaa, iliyotengeneza mfumo wa kompyuta kwa ajili ya shule, maktaba na zahanati zisizo na fedha za kununua mifumo ya bei ghali. Yeye alikuwa mfungashaji. Programu na viini vilivyotengenezwa na wengine, yeye alivipanga katika vifurushi, ili fundi yeyote popote alipo akifungua kifurushi, kila kitu kiende chenyewe mahali pake. Alipomweleza mama mkubwa kazi hiyo kwa mara ya kwanza, mama mkubwa alisikiliza kwa heshima zote, kisha akauliza kama ni vifurushi vya dakika au vya data.

Mkasa ulianza maktaba ilipopata kompyuta mpya. Zililetwa zikiwa ndani ya maboksi yao, nzuri, nyembamba, na zote zilikuwa na mfumo mpya wa ofisi ya Kidole. Moja iliwekwa chumba cha nyuma kuchukua nafasi ya ile ya baba mkubwa. Printa ilipounganishwa nayo ikabaki kimya kama jiwe. Mkutubi Mkuu akaja kusimama mlangoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye viti vingi visivyo na pa kuwekwa. Akaeleza kwa upole kwamba kompyuta kuukuu zote zitachukuliwa na mwenye mkokoteni wa vyuma chakavu siku ya Ijumaa. Kama printa itakuwa haifanyi kazi na kompyuta mpya kufikia siku hiyo, basi nayo itakwenda na mkokoteni, chumba kitakuwa stoo ya viti, na mama mkubwa atahamishiwa mapokezi akapokee simu mpaka atakapostaafu.

Kidole alizisikia habari hizo kutoka kwa mama mkubwa mwenyewe, jioni, wakinywa chai jikoni. Mama mkubwa alizitoa kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Alisema kitabu cha sayansi cha shule ya wasioona kimefika nusu, na mwalimu wao anapiga simu kila mara kuuliza nusu ya pili. Akazungusha kikombe.

"Simu naweza kupokea," akasema. "Sauti ninayo. Ila hivi vidole, mwanangu, nitaviambia nini?"

Kidole hakuwa mtu wa kutoa ahadi, lakini usiku ule hakulala mpaka amejiahidi mwenyewe.

Alinakili maandishi ya moduli kutoka kwenye kompyuta kuukuu, akayafungua. Viini vilikuwa vimebadilika mno tangu siku za baba mkubwa. Nusu ya vitu alivyoviita kwa jina vilikuwa na majina mapya, na vingine vilikuwa vimeondolewa kabisa. Akafanya kazi hiyo kila jioni akitoka ofisini, akirekebisha mstari baada ya mstari. Ilikuwa kazi ngumu, na hakutaka iishe. Kwa maana baba mkubwa alikuwa na mazoea ya kuandika maneno yake pembeni ya amri, yale ambayo kompyuta huyaruka lakini mtu huyasoma. Mahali pamoja aliandika: *Hapa subiri kidogo, mashine imechoka na mimi pia.* Mahali pengine: *Usipunguze namba hii. Nilipunguza, mke wangu akasema herufi zinalala.* Na karibu na mwisho, mahali pagumu ambapo hata Kidole alihitaji kusoma mara kadhaa: *Hii sijui kwa nini inafanya kazi. Aliyebonyeza ndiye anajua.* Hapo akatoka nje kupunga hewa, akarudi.

Sasa ilibaki kufungasha. Ofisini kwao kulikuwa na taratibu mbili ambazo hakuna aliyezivunja. Ya kwanza, kifurushi hujengwa ndani ya kile walichokiita chumba safi, yaani kompyuta ya kubuni isiyo na kitu ndani yake, ili kisichukue wala kuacha chochote katika mashine ya anayekijenga. Ya pili, kabla kifurushi hakijatoka, mwenzako hukifungua na kusoma kwa sauti kilichomo, kama karani anayepokea mzigo. Kidole alizijua taratibu hizo kuliko wote. Lakini hili lilikuwa jambo la nyumbani, na aliona haya kuwachukulia watu muda wa kazi kwa ajili ya printa ya mama yake mkubwa. Akaogopa pia kuulizwa maneno yale ya pembeni ni ya nani, akashindwa kujibu bila kutoa machozi mbele za watu. Hakumwambia mtu.

Alichofanya ni kwenda na laptopu yake chumba cha nyuma, Alhamisi baada ya kazi, akakalia kiti cha baba mkubwa. Mto wa kiti ulikuwa bado umebonyea upande mmoja. Mama mkubwa alikuwa upande wake wa meza akipanga kurasa. Kidole akajenga kiini pale pale kwenye laptopu. Moduli za kawaida zilifungashwa na mtambo wa ofisi, ambao unajua kazi yake. Ile ya baba mkubwa akaiongeza kwa mkono. Na ilipofika amri ya kuiweka mahali pake, vidole vyake havikungoja kichwa. Viliandika ile amri fupi ya zamani, neno kwa neno, jinsi alivyoizoea. Akabonyeza.

Ikakubali. Akaunganisha printa na laptopu, akatuma ukurasa mmoja wa sayansi. Kwa kitambo kidogo hakukuwa na kitu, kisha vijipini vikaanza kugonga, na sanduku la mbao likatetemeka mpaka penseli ikaviringika na kuanguka sakafuni. Mama mkubwa aliinuka akaweka kiganja juu ya sanduku kama mtu anayempima mtoto homa. Karatasi ilipotoka akaipitisha vidoleni, na Kidole akangoja hukumu.

"Herufi zimesimama," mama mkubwa akasema. Kisha akacheka peke yake, kwa muda mrefu, na Kidole hakumuuliza anacheka nini.

Ijumaa asubuhi Kidole aliomba ruhusa ofisini, akafika maktaba na flashi mfukoni. Mkutubi Mkuu alikuwepo, na funguo zake zote kiunoni. Kifurushi kikaingia katika kompyuta mpya bila lalamiko lolote. Kompyuta ikazimwa, ikawashwa. Printa ikaunganishwa, ukurasa ukatumwa.

Kimya. Akabadilisha waya, kimya. Akazima na kuwasha tena. Ukimya ule ukazidi kuwa mzito, maana sasa wote watatu walikuwa wakiusikiliza. Akaiunganisha printa na laptopu yake: ikagonga papo hapo kwa furaha yote. Akairudisha kwenye kompyuta mpya: kimya. Mkutubi Mkuu akakohoa. Akasema yeye si mtaalamu, lakini kompyuta imetoka kwenye boksi juzi, na printa imepiga kelele sasa hivi wote wakiwa wanasikia, kwa hiyo labda binti amwambie, hapa aliyerogwa ni nani. Alitaka kupunguza uzito wa jambo, na Kidole alimshukuru moyoni ingawa hakuweza kutabasamu. Wakakubaliana hivi: mkokoteni utakuja maktaba ikifungwa, na mpaka hapo mlango uko wazi.

Mama mkubwa alikuwa anatoboa matundu kwenye kurasa zilizokwisha kuchapwa, azifunge, kama mtu anayejua kwamba kilichofika nusu nacho kinahitaji jalada.

Kidole akarudi ofisini kwa miguu, haraka. Aliyemkuta huko ni Kobe, mfungashaji mkongwe kuliko wote, aliyepewa jina hilo kwa sababu alifanya kila kitu polepole na hakuwahi kurudia kitu mara mbili. Alimtazama usoni, akavuta kiti kingine, akakipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Kidole akamweleza yote: printa, mkokoteni, simu za mapokezi. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kuzitoa pale ofisini. Kobe hakumlaumu kwa kuficha. Alimwambia tu afungue kifurushi na asome kilichomo, kwa sauti, kama siku zote.

Kidole akasoma. Kiini kipo. Ramani yake ipo. Moduli za skrini zipo, za kibodi zipo, za mtandao zipo. Akateremka mpaka mwisho wa orodha, akapanda tena, akateremka. Moduli ya baba mkubwa haikuwemo.

"Ulipoiweka," Kobe akauliza, "uliiambia iende wapi?"

"Sikuiambia. Baba mkubwa alikuwa haiambii."

"Yeye alikuwa anajengea wapi?"

"Pale pale. Alikuwa na kompyuta moja."

"Basi yeye hakukosea, mdogo wangu."

Hapo Kidole akaelewa, na masikio yakamwaka moto. Amri ile, usipoipa anwani, huweka moduli katika kabati la mashine ile ile inayoamriwa. Kwa baba mkubwa hapo ndipo hasa palipotakiwa. Lakini yeye aliiandika kwenye laptopu, kwa hiyo moduli ilikwenda kwenye kabati la laptopu ikatulia huko, ndiyo maana kwenye laptopu printa iligonga kwa furaha mara zote mbili. Kifurushi kilikwenda maktaba mikono mitupu, kama mgeni aliyeiacha zawadi mezani kwake. Alikuwa mfungashaji mwenye cheti, anayefungasha viini vya nusu ya shule za nchi, na alikuwa ameukosa mstari ambao huwafundisha wageni wa kazi siku yao ya kwanza.

Kobe hakucheka. Alisema jambo lile humpata kila mfungashaji mara moja, ila wengi haliwapati kwa kumpenda mtu. Kisha akampa kazi mbili. Ya kwanza, aifute moduli iliyomwagika kwenye laptopu, isije ikamdanganya tena. Ajaribu kifurushi kama mgeni asiye na kitu. Ya pili, ajenge upya ndani ya chumba safi, akiipa amri anwani. Akamkumbusha pia kwamba katika mfumo mpya kabati lenyewe, ile folda ya moduli, limehama chumba: pale pa zamani pamebaki kibao tu cha kuelekeza watu, na mwenye kuweka kabati lake juu ya kibao hicho hupoteza njia za nyumba nzima.

Kufuta kulikuwa kugumu kuliko alivyodhani. Laptopu iliyokuwa ikiijua printa ya baba mkubwa ikaacha kuijua, kwa neno moja tu. Kisha akaiandika tena amri ya zamani, na safari hii mbele yake akatakiwa kuongeza maneno ya kusema moduli iende wapi: si kwenye mashine hii, iende ndani ya folda ya kifurushi, na humo ikae kama ambavyo itakaa katika mashine itakayokifungua, popote itakapokuwa. Mkono ukasita juu ya kibodi. Alijiona kama anayeongeza neno lake katika mwandiko wa mtu. Akamkumbuka baba mkubwa na soksi zake, na mtu aliyekuwa upande wa pili wa meza. Hakuwa amesahau kuandika anwani, yule mzee. Kila alichokitengeneza kilikuwa kimekwisha kufika.

Akaongeza maneno. Akabonyeza.

Kobe alikifungua kifurushi yeye mwenyewe, akasoma kwa sauti yake ya polepole, na alipofika kwenye moduli ile akalisoma jina lake mara mbili, yeye ambaye harudii kitu.

Kidole aliporudi maktaba wasomaji walikuwa wanaanza kukusanya vitu vyao, na mwenye mkokoteni alikuwa tayari uani, amekaa juu ya mpini wa mkokoteni wake akila karanga. Mkutubi Mkuu akamfuata chumba cha nyuma. Kifurushi kikaingia. Kompyuta mpya ikazimwa, ikawashwa. Kidole akaichomeka printa, akatuma ukurasa, akafumba macho, jambo ambalo mama mkubwa aliligundua, kwa sababu alimwambia afumbue, mashine haina haya.

Vijipini vikagonga. Sanduku likatetemeka juu ya meza. Mkutubi Mkuu akasubiri mpaka ukurasa ukaisha, kwa maana hakukuwa na njia ya kuongea kabla ya hapo, kisha akasema kwamba basi viti vitabidi vikae koridoni, na mtu akijikwaa asije kwake. Akatoka. Walimsikia koridoni akimwambia mwenye mkokoteni achukue kompyuta kuukuu tu, printa inabaki kwa mwenyewe.

Kidole hakuwa ameifikiria kompyuta ile kuukuu. Wiki nzima akili yake ilikuwa kwenye printa. Mwenye mkokoteni alipoingia na kuinyanyua, mama mkubwa akamwomba asimame kidogo. Akaipapasa juu, akapapasa pembeni, pale penye ufa uliofungwa gundi, akaipigapiga mara moja kama mtu anayeagana na mzee mwenzake kituoni.

"Mpeleke," akasema. "Alikuwa anakoroma sana huyu."

Kidole akageukia dirisha, akautazama ukuta wa jirani mpaka magurudumu ya mkokoteni yalipoacha kusikika. Mama mkubwa alijua. Hakumgusa, hakumwambia anyamaze. Alitia karatasi nyingine kwenye printa, akaomba ukurasa unaofuata, ule wa mzunguko wa maji, na wakaendelea na kazi mpaka mlinzi alipokuja kuwakumbusha kwamba watu wana makwao.

Jumatatu Kobe akasema kwamba kifurushi kikishakuwa na anwani safi hakuna sababu ya kukifungia ndani. Kiwekwe pamoja na vingine kwenye ghala la wote, ambako kila kompyuta yenye mfumo wao huchukua vifurushi. Kidole akaona haya, akauliza ni nani tena duniani mwenye printa kama ile. Kobe akajibu kwamba yeye hajui, na ghala halijui, ndiyo maana linaitwa la wote. Kikawekwa, na maneno ya pembeni ya baba mkubwa yakaenda humo humo, hata lile la herufi kulala.

Ikapita miezi. Kitabu cha sayansi kilikamilika, kikapelekwa, kikaanza cha historia. Kisha siku moja simu ya ofisi ikalia, na aliyepiga alikuwa mwalimu wa shule moja ya mbali, sauti yake ikikatika kwa upepo. Alisema wana printa ya nukta nundu waliyoachiwa na watu wa zamani, imefunikwa shuka stoo tangu kabla yeye hajaajiriwa. Wiki hiyo walibadilisha mfumo wa kompyuta zao, wakaweka huu wa ofisi ya Kidole, na mwanafunzi mmoja mtundu akaichomeka kwa majaribio. Ikaanza kugonga yenyewe mpaka mpishi akakimbia. Sasa anauliza, je, ni kawaida kupiga kelele kiasi hicho?

Kidole alimwomba asikae mbali na simu. Akaandika namba yake, akamwambia atampigia baada ya muda mfupi. Akavaa viatu, akashuka ngazi za duka la vitambaa mbili mbili, yeye ambaye hushuka akiwapisha watu wote.

Mama mkubwa alikuwa anahakiki. Kidole alimweleza kwa ufupi, akapiga namba, akamwomba yule mwalimu achape ukurasa wowote na aweke simu karibu. Kisha akaiweka simu yake sikioni kwa mama mkubwa, akarudi nyuma hatua moja.

Kidole aliusikia mlio kwa mbali, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya tatu. Uso wa mama mkubwa haukubadilika mwanzoni. Akainamisha kichwa. Vidole vya mkono wake mwingine, vilivyokuwa juu ya ukurasa wa historia, vikaacha kusoma.

"Hapo amesubiri," akasema polepole. "Unasikia? Hapo anasubiri kidogo, halafu anaendelea. Ni yeye."

Akasikiliza tena, akakunja uso.

"Ya kwao inachechemea. Mwambie mwalimu aikaze karatasi upande wa kulia."

Kidole akanyoosha mkono achukue simu ili aseme, lakini mama mkubwa hakumpa. Mlio ulikuwa umekoma. Ukurasa wa kule ulikuwa umeisha.

"Mwalimu," mama mkubwa akasema mwenyewe, kwa ile sauti ambayo ingetumika mapokezi, "weka ukurasa mwingine, baba. Usiwe na haraka. Mimi nipo."